Florida, Kifungu 1003.42: Miaka Thelathini ya Somo la Lazima la Historia ya Wamarekani Weusi

Tarehe 19 Julai 2023 Bodi ya Elimu ya Jimbo la Florida, ikikutana mjini Orlando, ilipitisha viwango vipya vya kufundishia historia ya Wamarekani Weusi kuanzia chekechea hadi darasa la kumi na mbili. Ndani yake mlikuwa na sentensi moja, ya wanafunzi wa darasa la sita hadi la nane, iliyoagiza waelezwe jinsi watumwa walivyopata ujuzi ambao, katika baadhi ya hali, uliweza kutumika kwa manufaa yao binafsi. Siku mbili baadaye Makamu wa Rais, Kamala Harris, alikuwa Jacksonville akiilaani sentensi hiyo hadharani, na Gavana Ron DeSantis, ambaye wakati huo alikuwa akiwania kuteuliwa na chama cha Republican kugombea urais, akawa anaitetea huku akisema kwamba hakuhusika kuiandika.

Vurumai ile ilifunika jambo ambalo naliona kuwa zito zaidi. Somo hilo halikuzaliwa 2023. Lilikuwa la lazima kwa mujibu wa sheria ya jimbo tangu 1994, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo ulazima wake ulibaki katika karatasi. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba sheria inayolazimisha somo hulipatia somo jina na nafasi katika orodha, basi. Maana ya somo hilo darasani huamuliwa na anayeandika viwango, anayetunga mtihani na anayedai ripoti, na mtu huyo si lazima awe yule aliyehangaika kuipitisha sheria. Florida ni kisa kizuri cha kulionyesha hilo kwa sababu kila hatua yake imeandikwa.

Kwa msomaji aliyesoma Tanzania au Kenya, ambako muhtasari wa somo ni mmoja kwa nchi nzima, mpangilio wa Marekani unahitaji maelezo kidogo. Katiba ya shirikisho haitaji elimu hata mara moja, na kwa Marekebisho ya Kumi mamlaka ambayo hayakukabidhiwa serikali ya shirikisho hubaki kwa majimbo au kwa wananchi. Zaidi ya hapo, sheria za bunge la shirikisho zenyewe zinaikataza Wizara ya Elimu ya Washington kuelekeza mtaala wa shule. Kwa hiyo masomo ya lazima hutungwa na mabunge ya majimbo hamsini, kila moja kwa njia yake, kisha utekelezaji huangukia wilaya za elimu. Florida ina wilaya 67, moja kwa kila kaunti.

Orodha ya Florida iko katika kifungu cha 1003.42 cha sheria za jimbo, na kuisoma ni kama kufukua taka za vizazi, tabaka juu ya tabaka. Azimio la Uhuru na Katiba vimo, kama inavyotarajiwa. Lakini humo humo mna kanuni za msingi za kilimo, madhara ya kweli ya vileo na dawa za kulevya, wema kwa wanyama, uhifadhi wa maliasili, mchango wa wanawake, mchango wa watu wenye asili ya Kihispania, na kujitoa mhanga kwa wanajeshi wa zamani. Kila kipengele kina kundi lililolipigania na mwaka wake wa ushindi. Walimu wanaagizwa kuyafundisha yote haya kwa ufanisi na kwa uaminifu. Hakuna anayeagizwa kuongeza saa za siku ya shule.

Mwaka 1994 vipengele viwili vizito viliingia katika orodha hiyo: historia ya mauaji ya halaiki ya Wayahudi na historia ya Wamarekani Weusi. Ulikuwa pia mwaka wa Rosewood. Rosewood kilikuwa kijiji cha Weusi katika kaunti ya Levy, na Januari 1923 kiliteketezwa baada ya mwanamke Mzungu wa kijiji jirani cha Sumner kudai kwamba amepigwa na mtu Mweusi. Umati wenye silaha uliizingira nyumba ya Sarah Carrier iliyojaa watoto; Sarah na mwanawe Sylvester waliuawa humo, na washambuliaji wawili pia. Idadi rasmi ya waliokufa ni Weusi sita na Wazungu wawili, ingawa waliookoka waliamini kwamba walikuwa wengi zaidi. Wanawake na watoto walijificha kwenye vinamasi kwenye baridi hadi ndugu wawili wa familia ya Bryce, waliokuwa wafanyakazi wa treni, walipowabeba usiku kuwapeleka Gainesville. Nyumba za Weusi zilichomwa zote. Ya John Wright, mwenye duka Mzungu aliyewaficha baadhi yao, ndiyo iliyobaki. Hakuna aliyeshtakiwa.

Kwa takriban miaka sitini waliookoka hawakulizungumza jambo hilo hata kwa watoto wao. Gazeti la St. Petersburg lililifufua 1982, wazao wakadai fidia, na bunge likawaagiza wanahistoria wa vyuo vikuu vya umma vya Florida kuchunguza. Ripoti yao ilitoka Desemba 1993, na Mei 1994 Gavana Lawton Chiles akatia saini sheria ya fidia ya dola milioni 2.1, ambapo manusura tisa walilipwa dola 150,000 kila mmoja. Sitasema kwamba Rosewood ndiyo iliyozaa kipengele cha somo, kwani kila sheria ilipita njia yake. Lakini wabunge waliopitisha kipengele hicho walikuwa wametoka kuletewa ushahidi, tena kutoka kwa wanahistoria wa jimbo lenyewe, kwamba kijiji kizima kinaweza kufutwa na kisiachwe hata aya moja katika vitabu vya shule.

Maneno ya kipengele cha 1994 yalikuwa mapana na, kwa maoni yangu, yaliandikwa na mtu aliyejua anachotaka. Yaliagiza ifundishwe historia ya watu wa Afrika kabla ya migogoro ya kisiasa iliyopelekea utumwa, kisha safari ya kuvuka bahari kwenda Amerika, maisha ya utumwani, harakati za kuukomesha, na mchango wa Wamarekani Weusi katika jamii. Mpangilio huo una hoja ndani yake: unaanzia na watu waliokuwa na historia yao, si na mizigo iliyopakiwa melini. Mtoto anayefundishwa hivyo anakutana na Mwafrika akiwa mkulima, mfua chuma au mfalme kabla hajakutana naye akiwa na minyororo.

Kilichokosekana ni meno. Kipengele hakikutaja idadi ya saa, wala darasa, wala adhabu kwa wilaya itakayokipuuza. Zaidi ya yote, hakikuwa na mtihani. Hapa panafaa kutazamwa kwa makini, maana shule za Florida zinaongozwa na mitihani kuliko zinavyoongozwa na kifungu 1003.42. Mwanafunzi wa darasa la saba hufanya mtihani wa jimbo wa uraia. Wa sekondari hufanya mtihani wa jimbo wa historia ya Marekani. Na alama ya kila mtihani ni asilimia 30 ya alama ya mwisho ya somo husika. Matokeo yake huingia katika daraja la A hadi F ambalo jimbo huipa kila shule. Mwalimu mkuu mwenye busara atapeleka muda wake kunakopimwa, na historia ya Wamarekani Weusi, ikiwa somo linalojitegemea, haikupimwa popote. Basi katika shule nyingi ikawa ya mwezi Februari: bango la Martin Luther King ukutani, sentensi mbili za Rosa Parks, na Machi inaingia.

Chombo kilichoundwa kusaidia, yaani kikosi kazi cha historia ya Wamarekani Weusi chini ya kamishna wa elimu, kilipewa kazi ya kuhimiza. Kiliandaa semina za walimu na kikaweka vigezo sita, miongoni mwake idhini ya bodi ya wilaya, mafunzo kazini, mtaala uliopangwa, ushirikiano na chuo kikuu na ushirikiano na wazazi. Wilaya iliyotimiza vyote ikatambuliwa kuwa ya mfano. Cheti hicho kilikuwa cha hiari. Hadi 2023, karibu miaka thelathini tangu sheria ipite, wilaya zilizokipata hazikufika hata robo ya zile 67. Huwezi kuzilaumu wilaya peke yake: sheria iliwaambia wafanye jambo, kisha ikawapa zawadi ya kupongezwa wale waliolifanya, kana kwamba kutii sheria ni kipaji.

Mwaka 2020 bunge lilijaribu tena kwa njia nyingine, na safari hii lilitaja tukio kwa jina. Tarehe 2 Novemba 1920, siku ya uchaguzi, mkulima Mweusi aitwaye Mose Norman alikwenda kupiga kura katika mji wa Ocoee, magharibi mwa Orlando, akafukuzwa kituoni. Usiku ule umati wa Wazungu ulimfuata nyumbani kwa rafiki yake July Perry, mtu mwenye mali na mhamasishaji wa Weusi kujiandikisha kupiga kura; Perry alikamatwa, akatolewa mikononi mwa polisi na kunyongwa. Nyumba na makanisa ya Weusi yalichomwa. Idadi ya waliouawa haikujulikana, makadirio yakipishana kuanzia watu wachache hadi makumi, na Weusi walioponea chupuchupu wakahama. Ocoee ikawa mji wa Wazungu kwa zaidi ya nusu karne. Sheria iliyosainiwa na DeSantis Juni 2020, miezi michache kabla ya mwaka wa mia wa mauaji hayo, iliagiza kikosi kazi kipendekeze namna ya kuyaingiza katika mafundisho. Inafaa kulikumbuka hilo, kwa sababu wapo wanaosimulia kisa hiki kana kwamba gavana huyo alianza na kumaliza kwa kupinga.

Mwelekeo uligeuka mwaka uliofuata. Juni 2021 Bodi ya Elimu ilirekebisha kanuni yake ya masomo ya lazima ikapiga marufuku nadharia ya ubaguzi wa kimfumo (critical race theory, inayosema kwamba ubaguzi umejengwa ndani ya sheria na taasisi za Marekani) na ikaagiza kwamba historia ya Marekani isielezwe vinginevyo ila kama kuundwa kwa taifa jipya lililojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya misingi ya Azimio la Uhuru. Kanuni hiyo hiyo ilizitaka wilaya ziripoti kila mwaka jinsi masomo ya lazima yanavyofundishwa. Yaani meno ambayo kipengele cha 1994 kiliyakosa yaliota hatimaye, ila yaliota katika kinywa kingine.

Aprili 2022 ikaja sheria ambayo gavana aliitangaza kwa jina la Stop WOKE, yaani “komesha woke”, neno ambalo wahafidhina hulitumia kuzibeza siasa za kupinga ubaguzi. Inajulikana zaidi kwa makatazo yake: mwalimu asimwambie mwanafunzi kwamba kwa sababu ya rangi yake anapaswa kujiona ana hatia kwa yaliyotendwa zamani na watu wa rangi hiyo. Mahakama za shirikisho baadaye ziliizuia sehemu inayohusu vyuo vikuu na ile inayohusu mafunzo ya kazini katika makampuni. Ya shule za msingi na sekondari ikaendelea kutumika. Kilichosomwa kidogo ni kwamba sheria hiyo ilikigusa pia kipengele cha historia ya Wamarekani Weusi, na kwa kukirefusha. Iliongeza kwamba wanafunzi waelewe athari za chuki na ubaguzi wa rangi kwa uhuru wa mtu binafsi, na iliongeza kwamba mafundisho yaadhimishe habari za kutia moyo za Wamarekani Weusi waliofanikiwa hata katika mazingira magumu mno.

Soma agizo hilo la mwisho, kisha rudi kwenye sentensi ya 2023 kuhusu ujuzi wa watumwa. Watu wengi waliiona kama teleza ya kalamu au uchokozi wa mtu mmoja. Mimi naiona kama utekelezaji mtiifu. Kikundi kazi kilichoandika viwango kiliundwa na Idara ya Elimu. Bodi iliyovipitisha huteuliwa na gavana. Na kamishna wa elimu wakati huo, Manny Diaz Jr., alikuwa ndiye seneta wa jimbo aliyewasilisha toleo la Seneti la Stop WOKE kabla hajateuliwa. Ukiambiwa na sheria uadhimishe mafanikio katika mazingira magumu, nawe unaandika kiwango kuhusu kazi zilizofanywa na watumwa, basi utatafuta mafanikio humo humo.

Kiwango chenyewe kilitaja kazi hizo: kilimo, upakaji rangi, useremala, ushonaji, utumishi wa nyumbani, uhunzi, usafirishaji. Hadi hapo hakina kosa. Watumwa walikuwa mafundi na wanahistoria wamelithibitisha hilo kwa kirefu. Tatizo liko katika ufafanuzi unaofuata, wenye kusema kwamba watumwa walipata ujuzi ule, bila kusema wengi waliubeba kutoka Afrika, na kwamba uliweza kuwafaa, bila kusema nani alizuia usiwafae. Wajumbe wawili wa kikundi kazi, William Allen na Frances Presley Rice, wote Wamarekani Weusi, walitoa tamko la pamoja la kutetea wakitaja watu kadhaa kama mifano. Orodha ile iliwaponza. Lewis Latimer alizaliwa Massachusetts 1848, mtoto wa wazazi waliotoroka utumwa. Hakuwahi kuwa mtumwa. James Forten wa Philadelphia na Paul Cuffe walizaliwa huru. Na Betty Washington Lewis alikuwa Mzungu, dada yake George Washington.

Mfano wa kweli ulikuwepo, ila haungewasaidia. Frederick Douglass alijifunza kukalafati meli katika viwanda vya Baltimore akiwa mtumwa, akawa fundi hodari wa kulipwa hadi dola moja na nusu kwa siku. Kila mwisho wa juma aliipeleka fedha yote kwa bwana wake, Hugh Auld, ambaye baada ya kuihesabu humwuliza kama ndiyo yote, na pengine, kwa dola sita alizoletewa, humrudishia senti sita. Alipotoroka 1838 akafika New Bedford, mji wa meli, makalafati Wazungu walikataa kufanya kazi pamoja naye, akaishi kwa vibarua vya kubeba mizigo na kukata kuni. Ujuzi alikuwa nao. Manufaa yake yalizuiwa utumwani na mwenye mtumwa, na katika uhuru na ubaguzi. Mwalimu wa darasa la saba akikisimulia kisa hiki kikamilifu atakuwa ameutii ufafanuzi wa jimbo, maana maneno "katika baadhi ya hali" yanamruhusu, na papo hapo atakuwa ameupindua. Swali ni wangapi watathubutu, huku wakijua kwamba mzazi anaweza kulalamika kwa kutumia sheria ya 2022.

Sentensi ya pili yenye utata haikupata kelele nyingi, ingawa kwangu ni mbaya zaidi. Katika viwango vya sekondari, mafundisho kuhusu mashambulizi ya umati wa Wazungu dhidi ya Weusi ya Atlanta 1906, Ocoee 1920, Tulsa 1921 na Rosewood 1923 yanatakiwa kueleza vitendo vya ukatili vilivyotendwa dhidi ya Wamarekani Weusi na vilivyotendwa nao. Seneta wa jimbo Geraldine Thompson wa Orlando, aliyeipigania historia ya Ocoee kwa miaka mingi, alisimama mbele ya bodi Julai ile kulipinga akisema kwamba ni kumlaumu aliyeonewa. Ni kweli kwamba Sylvester Carrier alifyatua risasi. Alikuwa nyumbani kwa mama yake, mlango umezingirwa. Kuweka tendo hilo katika fungu moja na la umati uliochoma kijiji ni kupoteza kile hasa ambacho ripoti ya 1993 ililipiwa na jimbo kukibainisha.

Haki yake kila mtu apewe. Viwango vya 2023 vina mambo mengi ambayo shule za Florida hazikuwahi kuagizwa kuyafundisha kwa kina kiasi hicho, na ni mara ya kwanza kwa somo hili kupata mkondo wake wenyewe wa viwango, darasa kwa darasa. Byron Donalds, mbunge Mweusi wa Republican kutoka Florida, alivisifu kwa jumla huku akitaka ile sentensi ya ujuzi irekebishwe, na kwa kusema hivyo tu akashambuliwa na watu wa gavana. Hata hivyo madarasa ya chini yanaishia zaidi katika kutambua majina ya watu maarufu, na sekondari kiwango cha kwanza kinaanza na hali ya utumwa Afrika, Asia, Amerika na Ulaya kabla ya 1619. Yule Mwafrika wa kabla ya utumwa, ambaye sheria ya 1994 ilimtanguliza na ambaye bado yumo katika maneno ya kifungu hadi leo, amesukumwa pembeni na viwango vilivyoandikwa kwa jina la kifungu hicho hicho.

Wapo walioanza kutafuta njia nje ya shule. Shirika la Faith in Florida liliandaa mwongozo wa kufundishia historia ya Weusi makanisani, na makanisa mengi yakauchukua. Ni jitihada ya kuheshimiwa, lakini inamfikia mtoto wa muumini. Mtoto wa yule aliyekuwa na haja zaidi ya kuisikia habari ya Ocoee hayumo kanisani humo.

Orodha ya kifungu 1003.42 imeendelea kurefuka. Mei 2023 iliongezwa historia ya Wamarekani wenye asili ya Asia na visiwa vya Pasifiki. Tarehe 17 Aprili 2024, kumbukumbu ya uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe nchini Kuba wa 1961, gavana alisaini sheria ya kufundisha historia ya ukomunisti kuanzia chekechea hadi darasa la kumi na mbili. Sheria hiyo imetaja mwaka wa shule wa kuanzia, 2026–2027, imeorodhesha mada, na imeikabidhi Idara ya Elimu kazi ya kuandaa viwango kabla ya tarehe hiyo. Kati ya vitu hivyo vitatu, kipengele cha historia ya Wamarekani Weusi kilipopitishwa 1994 kilikuwa na mada peke yake.